Chumvi Iliyoletwa na Kamio

Nililetewa habari kwamba mfugaji aliyekuwa akiniuzia maziwa kutoka milima ya Masisi ametutoka. Kifua kilimsumbua miaka mingi, na sitaki msomaji wangu adhani namshitaki mtu kwa kifo hicho. Ila tangu nirudi kutoka matangani kuna jambo linanikera, na nisipoliandika litanikaa kooni. Marehemu hakuwa mtu rahisi. Ukimpelekea sukari, aliuliza kwanza unataka nini. Hata mimi alinichosha mara kwa mara. Lakini nilimpenda, kwa sababu alikushuku mbele ya macho yako, si nyuma ya mgongo wako.

Kiwanda kimoja cha ngozi huko mjini, kinachosindika ngozi kwa chumvi na dawa kali, kilimpa mwenye kamio, yaani lori, la tangi kazi ya kupeleka maji yake machafu kwenye mashimo ya kusafishia. Mashimo yako mbali, barabara ni matope, na juu ya malisho ya marehemu kuna bonde lisilo na mlinzi. Maji yakamwagwa humo, safari baada ya safari. Haukupita muda, ng'ombe wa majirani wakawa wanakimbilia pale kulamba udongo. Mfugaji wa huku akiona hivyo anafurahi, kwa kuwa ng'ombe akilamba ardhi, pana chumvi, na wazee walitembeza mifugo mwendo mrefu kutafuta udongo wa namna hiyo. Watu wakashukuru kanisani, wakaleta mifugo yote. Marehemu peke yake akawazuia ng'ombe wake.

"Papa, ile iko chumvi ya Mungu. Juu ya nini unakatalia ng'ombe zako?" jirani alimuuliza mbele yangu.

"Ya Mungu haiwezi kuya na kamio," akajibu. "Mi niliona alama ya mapine ya kamio kwenye matope pale juu."

Jirani akacheka, akasema huyu muntu iko na wivu tu. Kisha mimba za ng'ombe zikaanza kuharibika, ndama wakazaliwa wakiwa dhaifu, na akina mama wakaogopa kuwapa watoto wao maziwa. Kiwanda kikamtuma mtu wa kututuliza. Ni maji ya kuoshea ngozi tu, alisema, chumvi kidogo tu. Hilo neno "tu" naliogopa sana. Zamani uchafu wa nyumba ulibaki nyuma ya nyumba, na mwenyewe aliunusa kila asubuhi. Siku hizi mwenye biashara anaukabidhi kwa dereva, anafunga lango, anajiona msafi. Dereva naye anatafuta mahali ambapo hapana mtu wa kumuuliza. Kila mmoja ana mwenzake wa kumsingizia, na nashuku kwamba mpango wenyewe ulitakiwa uwe hivyo.

Siku ya mazishi, kamio lile lile likapanda hadi matangani likiwa limejaa maji ya kupikia, msaada wa kiwanda kwa wafiwa. Huko juu maji ni shida, na wanawake walikuwa wameshapanga masufuria. Mjane akakinga kikombe kwenye bomba la tangi, akamnyooshea dereva.

"Unywe kwanza weye, kaka."

"Tangi tuliisafisha, mama."

"Njo maana unywe."

Dereva akatazama kikombe, akatutazama sisi. "Siko na kiu," akasema.

Nilisikia hasira. Wanawake wakabeba vyombo vyao vitupu, wakashuka kwenye chemchemi, nami nikawafuata kuwasaidia kubeba. Chemchemi hiyo, ambayo ndiyo pekee waliyo nayo, iko chini ya bonde lile lile lililomwagiwa maji ya kiwanda. Walichota, wakarudi, wakapika. Basi mwenye kiwanda anayelipa ili uchafu wake upelekwe mbali, na aufuate kwa miguu yake mpaka aone ulipofikia, maana hapo anapopaita mbali kuna mama anachota maji.