Mwalimu Kokuberwa wa Goba na Punje Kumi za Rozari

Alizaliwa Muleba, mkoani Kagera, tarehe 4 Februari 1969, mtoto wa kwanza wa Katekista Benedikto. Alibatizwa Anastasia, lakini nyumbani, na baadaye Goba, alijulikana kwa jina la Kokuberwa. Mdogo wake, Leodegar, alikuwa na kigugumizi kikali. Dada mtu alimpenda, kwa hiyo alimjibia: dukani, shuleni, hata wageni walipomwuliza jina lake. Alipofika miaka kumi, Leodegar aliacha kabisa kujaribu. Siku moja wakiwa watu wazima alimwambia kwa taabu, na safari hiyo hakumkatiza: "Dada, ulinisaidia mpaka nikanyamaza." Kokuberwa aliyapokea maneno hayo kama wito, na pia kama dhambi yake.

Akiwa na stashahada ya ualimu, alihamia Goba mwaka 1998 akakabidhiwa darasa la awali la parokia. Humo aliwapokea watoto waliochelewa kusema, wenye kigugumizi, na wale ambao maneno yao yalieleweka kwa mama zao tu. Aliwakalisha katikati ya wenzao, si nyuma. Hakumwambia mtoto yeyote aseme vizuri. Mtoto akiomba "mtate," yeye alijibu, "Ndiyo, mkate, mkate wako huu," na somo likaendelea. Mtoto akikwama, Mwalimu alishika rozari yake na kupitisha punje kumi, polepole, na kabla ya punje ya kumi hakuna aliyeruhusiwa kummalizia neno. Watoto wa miaka mitano walijifunza kungoja. Wazazi hatukujifunza.

Mwaka 2022 aliingia Editha, binti wa Felicitas, muuza nyanya wa Tegeta. Alikuwa na miaka sita na hakuwa amesema neno mbele ya mtu asiye wa nyumbani kwao. Katika mkutano wa wazazi, Stanley, mwenyekiti wetu, alisimama. "Shikamoo, Mwalimu. Mwanangu anasoma tayari. Atamsubiri huyu mpaka lini?"

"Mpaka amalize," alijibu Kokuberwa.

"Basi wataolewa humohumo darasani," alisema mtu wa nyuma, nasi tukacheka.

Tulipiga kura kwa kunyoosha mikono. Editha na wenzake watatu wasiosema walihamishiwa stoo iliyo karibu na jiko. Kokuberwa aliwafuata huko, akatuambia neno moja tu: "Mtoto hajifunzi kusema na ukuta." Hakutulaumu tena. Mwaka mzima Editha hakuwa na mwenzake wa kumwita kwenye mchezo, wala wa kugombana naye.

Mwaka uliofuata Mwalimu alishikwa na saratani. Felicitas alimpeleka Editha wodini kumsalimia. Mtoto alisimama kando ya kitanda, midomo ikitetemeka, na mama yake alijiziba kinywa kwa mkono ili asimsemee. Punje zilipita tisa mkononi mwa mgonjwa. Kisha Editha akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Mgonjwa akaitika, "Marahaba, mwanangu." Alifariki siku ya tatu, tarehe 2 Agosti 2023. Kanisa halijatamka lolote juu ya utakatifu wake, nasi hatulitangulii, tunaandika tulichokiona.

Tulichokiona mazishini nacho tukiandike. Wakati wa salamu za mwisho, Editha mwenyewe alinyanyuka akaenda mbele ya jeneza. Alifungua kinywa. Kimya. Bupe, kiongozi wa kwaya, alimwonea huruma akaanzisha pambio, na umati wote ukapokea kwa makofi. Tulimwimbia mtoto mpaka akarudi kuketi. Hakuna aliyemwuliza alitaka kusema nini, na mpaka leo hatujui.

Wiki iliyofuata watoto wa stoo walirudishwa darasani. Stanley mwenyewe alibeba madawati. Mwalimu hakuwepo kuona.

Anayetaka kumwiga Kokuberwa asitafute jambo kubwa. Mtoto akikwama, funga mdomo, mtazame, ngoja. Usimsaidie kwa neno lako, wala kwa wimbo. Kila tarehe 2 Agosti, katika misa ya kumbukumbu yake, kabla ya maombi ya waamini, parokia nzima hunyamaza kwa muda wa punje kumi. Bupe hukaa mikono ikiwa magotini. Editha huketi benchi la tatu, kando ya mama yake. Hajasimama bado. Tunangoja.