Hesabu Iliyobaki Kwenye Paji la Uso

Saa mbili na nusu asubuhi, mwalimu mstaafu anasimama mbele ya ubao mweusi ulioegemezwa kwenye kabati la vyombo, anaandika sentensi moja kwa chaki. Anarudi nyuma hatua mbili. Anaisoma kwa sauti, mkono kiunoni, kama anayesubiri darasa limjibu.

Anayemjibu ni mdogo wake, fundi cherehani, aliyeketi dirishani akipiga pindo la sketi.

"Dada, hapo hujachekesha. Hapo umehubiri."

"Yote?"

"Yote. Futa."

Anafuta. Vumbi jeupe linamwangukia kwenye mkono wa gauni, naye wala hajisumbui kulipangusa. Ndivyo anavyoandika hadithi zake zote: aya moja ubaoni, fundi akicheka inanakiliwa daftarini, asipocheka inakwenda na kifutio. Kuandika akiwa ameketi kumemshinda. Miaka thelathini na mmoja ya kufundisha darasa la tatu imemzoesha kufikiri akiwa wima, hata sasa magoti yanapomuuma.

Alistaafu miaka sita iliyopita. Watu walidhani atafuga kuku. Yeye akaandika kitabu cha vichekesho vya shuleni, na nakala elfu moja za kwanza zikaisha kabla muhula haujaisha. Zikafuata elfu tano, kisha kitabu cha pili. Pesa zake zimeezeka vyumba viwili vya nyumba hii na kumnunulia fundi cherehani mpya. Watu asiowajua humsimamisha sokoni, wakaanza kucheka hata hawajamwamkia.

Wanayemcheka ni Mwalimu Sinzia. Huyu ni mwanamke mnene anayepitiwa na usingizi katikati ya imla, akashtuka na kuisoma sentensi ileile mara tano, na watoto, kwa utii wao, wakaiandika mara tano.

Kisa kinachovunja watu mbavu kuliko vyote ni cha ubaoni. Sinzia ameandika nane mara saba pamoja na jibu lake, anaegemeza kichwa ubaoni apumzike kidogo tu, analala akiwa amesimama. Akigeuka, jibu limemganda kwenye paji la uso, kinyumenyume. Darasa zima linanakili, kinyumenyume vilevile.

Mwandishi mwenyewe hacheki anapokisimulia.

"Hicho sikukitunga," anasema. "Kilitokea chumba cha pili, nyuma ya ukuta wa mbao."

Nyuma ya ukuta ule alifundisha shoga yake. Kwa miaka kumi na tisa walikula chakula cha mchana meza moja na kurudi nyumbani chini ya mwavuli mmoja. Kisha mume wa shoga akapooza. Miaka minne mkewe alimgeuza kitandani kila baada ya saa mbili asipate vidonda, akamwosha, akamlisha kwa kijiko, halafu akafika shuleni macho yamevimba. Mwalimu mkuu akionekana uwanjani, huyu wa huku aligonga ukuta mara mbili ili mwenzake aamke.

"Siku ile nilimfuta paji la uso mimi, kwa kitambaa changu. Tulicheka mpaka machozi. Akaniambia, 'Mwenzangu, watoto watasema, lakini wewe usije ukalitia chumvi.' Nikamwambia, nani, mimi?"

Alipoandika, alijitahidi kumficha. Shoga ni mwembamba, akamnenepesha. Akamwondolea mume mgonjwa, akampa mume anayekoroma. Paji la uso akaliacha.

"Fundi alicheka mpaka akajichoma sindano," anasema. "Ningelifutaje?"

Kila aliyepita shule ile alikuwa amekisikia kisa cha paji la uso. Kitabu kilipotoka, mgonjwa alikuwa ameshazikwa, na mjane wake alibakiwa na miaka miwili kazini. Watoto wakaanza kumwamkia, "Shikamoo, Mwalimu Sinzia." Asubuhi moja aliingia darasani akakuta watoto arobaini na wawili, kila mmoja amejiandika namba kwa chaki kwenye paji la uso. Hakumgusa hata mmoja. Alichukua mkoba wake akatoka, na wiki hiyohiyo barua yake ya kuomba kustaafu mapema ikafika ofisini.

Alikuja kwa mwandishi mara moja tu. Hakukubali kuketi.

"Kitabu kizuri," alisema mlangoni. "Nimecheka mpaka ukurasa wa ishirini na nane."

"Shoga, yule si wewe. Yule ni mnene."

"Na mume wangu alikuwa anakoroma?"

Mwandishi akamsogezea kiti tena.

"Ungesema basi kwa nini nilikuwa nasinzia."

"Ningesema hilo, nani angecheka?"

Jibu hilo mwalimu analisimulia akitazama sakafu. Tangu siku hiyo shoga yake amekata mguu, mwaka wa tatu huu. Wakikutana dukani, yule hugeuka akasoma maandishi ya kwenye makopo, moja baada ya jingine, mpaka huyu aondoke.

Mchapishaji anataka kitabu cha tatu cha Sinzia, na ameahidi kulipa zaidi. Mwalimu alimwandikia kingine, ambacho mjinga wake ni yeye mwenyewe: mwalimu msahaulifu asiyeona wala kusikia, anayeishi jirani na mwenye shida miaka minne asijue lolote. Kabla ya kukipeleka, alimpa fundi daftari. Fundi bado anamshonea shoga yule nguo, basi akalipeleka pamoja na gauni.

Likarudi baada ya siku tisa.

"Kakuuliza nini?"

"Kaniuliza kama pindo litafumuka."

Shoga hakuwa ametia alama popote daftarini. Ukurasa wa mwisho tu ndio uliokuwa na maandishi ya penseli, herufi za duara za mtu aliyefundisha watoto kuandika: *Huyu hakuona kitu. Wewe uliona kila kitu.*

Mwalimu alilala na daftari hilo chini ya mto siku mbili. Siku ya tatu alilichana, akamwandikia mchapishaji kwamba Mwalimu Sinzia amestaafu, asimtafute tena.

"Dada, na paa la jikoni?" fundi anauliza leo. "Linavuja juu ya unga."

"Tutauhamisha unga."

Ameanza upya. Safari hii mume yumo, na kitanda, na kijiko, na jirani aliyekuwa anajua. Amefika ukurasa wa nne. Anataka amalize kabla mvua hazijaanza, alipeleke mwenyewe daftari kwa shoga yake, kwa miguu yake. Akifunguliwa, atasoma kwa sauti. Asipofunguliwa, ataliweka mlangoni arudi zake.

"Na mchapishaji akilikataa?"

"Silo lake. Hili ni la mtu mmoja."

Fundi anakata uzi kwa meno. "Na huyo mtu mmoja amekwambia atalisoma?"

"Hajaniambia," anasema mwalimu.