Kufuli Niliyotia kwa Mlango wa Choo

Nilikosa. Sitafuti wa kunihurumia, na jina langu sitaji, ingawa wazee wa kijiji chetu cha Giakanja watanijua tu.

Miaka ya sabini nilikuwa mtu! Sikupita darasa la pili, lakini nilikuwa na kahawa, ng'ombe wa gredi, na kazi ya kumtembeza bwana afya, kijana wa serikali aliyekagua usafi, boma kwa boma. Mimi ndiye niliyetangulia nikipiga kelele: "Chimbeni vyoo, nyinyi wachafu!"

Changu kilishinda vyote. Mabati juu, simiti chini, mlango wa mbao safi. Na kufuli! Ufunguo ulikaa mfukoni mwangu. Kilikuwa choo cha bwana afya na wageni. Mke wangu na watoto walienda migombani, kando ya mto. Aibu hata kuandika.

Kisha kuhara kukaingia. Watoto wa jirani wakaanza kulala hoi kwa ugonjwa. Bwana afya akanivuta kando.

"Mzee, watu wako wanatumia ile choo?"

"Unaniuliza mimi hiyo? Kila siku!"

Aliniamini. Akaenda kutafuta ugonjwa kwa Mama Wambui, mjane aliyepika chai sokoni, akafunga hoteli yake. Mama huyo alilia mbele yangu, nami nikanyamaza. Nilinyamaza!

Kuhara hakukuisha. Siku Muthoni, kitinda mimba wangu, alipoanguka jikoni macho yameingia ndani, bwana afya alikuja mbio. Akipita choo, akasimama.

"Mzee, mbona nyasi imeota mlangoni?"

"Ni mvua."

Mke wangu akatoka na mtoto mikononi. "Ati mvua! Mwulize ufunguo iko wapi! Sisi tunaenda kwa migomba, na maji ya kunywa tunateka hapo chini!"

Bwana afya akanigeukia. "Mzee, ulidhani kazi yangu ni kukagua milango? Kazi yangu ni huyu." Akamshika Muthoni mguu. "Si ungeniambia?"

Tulimkimbiza hospitali Nyeri. Hakurudi.

Mama Wambui alikuja mazishini. Alinipa mkono. Heri angenitukana!

Wewe uliye na choo cha kuonyesha serikali, nenda ukatazame mlangoni. Ukikuta nyasi, vunja kufuli leo, na bwana afya akikuuliza, mwambie ukweli hata kama utachekwa. Kwangu mlangoni nyasi iliisha zamani. Ile ninayofyeka sasa iko kaburini kwa Muthoni.