Mjomba alimwaga samaki kangaja kwenye aquarium ya mama bila karantini, na mimi nimesimama hapo hapo

Wakuu, heshima mbele.

Leo sitaongeza chumvi hata punje, ya kwenye maji inanitosha. Nitakachoandika ndicho kilichotokea nyumbani kwangu hapa Kilwa Masoko. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo nikikosea herufi nivumilieni.

Wale wa "samaki tu hao, si ungekaanga", piteni kushoto mapema. Uzi huu si wenu.

Mimi ni fundi wa mafriji na AC. Naishi na mama yangu. Mama amechokoa pweza tangu usichana wake, kuanzia Songo Mnara alikozaliwa mpaka huku alikoolewa. Maji ya bamvua yakitoka, yeye yuko mwambani na mkuki wake. Akirudi, anarudi na pweza begani na maneno mengi mdomoni. Pweza hao ndio walionisomesha.

Kisha kisukari kikachukua mguu wake wa kulia.

Aliporudi kutoka hospitali akanyamaza. Yaani kunyamaza kweli, mtu unamsalimia anaitika kwa kichwa. Chakula hataki, sindano anazikubali kwa ugomvi. Nilimpeleka ufukweni na wheelchair, magurudumu yakazama mchangani mbali kabisa na maji. Akalia pale pale, akaniambia nisimpeleke tena.

Ndipo nikaamua kumletea bahari sebuleni.

Kioo alinikatia fundi wa aluminium. Chiller ya kupoza maji niliiunda mwenyewe kwa kompresa ya friji la soda lililokufa. Nikaweka pampu, taa, betri ya akiba kwa ajili ya umeme wetu huu mnaoujua, mawe kutoka mwambani, na anemone mmoja, yule kiumbe wa mwambani mwenye mikono laini kama ua. Nikatia samaki sita.

Wawili walikuwa clownfish, wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Mkubwa ni jike, mama akamwita Somo. Mdogo ni dume, akamwita Bwana Mdogo. Wale wanne wadogo wa bluu hakuhangaika nao, aliwaita "watoto wa jirani".

Wakuu, mama akaanza kuongea.

Asubuhi, kabla hata ya kuniuliza nimeamkaje, anamsalimia Somo. Uji wake haunywi mpaka Somo ale kwanza. Mimi namwaga chakula cha samaki, Somo anadaka, mama anachukua kijiko. Kila siku hivyo hivyo. Sukari yake ikatulia. Nesi akaniuliza nimebadilisha dawa gani, nikamwambia nimeongeza samaki. Akadhani namtania.

Sasa nije kwenye karantini, maana hapo ndipo penye uchungu wangu.

Kwangu samaki mpya haingii kwenye kioo siku aliyofika. Anakaa uani kwenye bafu la kijani, lile bafu kubwa la plastiki la kufulia, peke yake, na wavu wake na pampu yake, wiki sita. Nikiona anakula na ngozi yake safi, ndipo anaingia ndani.

Sababu ni mdudu mdogo mno. Anang'ang'ania ngozi ya samaki, anamla, akishiba anadondoka chini na kujifungia kwenye ganda. Humo ndani anazaana. Ganda likipasuka wanatoka wengi wengi kutafuta samaki mwingine. Baharini samaki ana pa kukimbilia. Kwenye kioo hana.

Sheria hiyo niliitunga mwenyewe na niliifuata miaka miwili. Hata samaki niliyemtoa mwenyewe baharini kwa mkono wangu alipita kwenye bafu.

Basi bwana, Jumamosi moja asubuhi akaja mjomba.

Mjomba ndiye kaka mkubwa wa mama, kaka yake wa pekee. Yuko Songo Mnara, anavua kwa dema, ule mtego wa kufuma ambao samaki huingia akabaki mzima. Huyu mzee ndiye aliyenishika mkono siku tunamzika baba. Nilipompa shikamoo yake akaitika marahaba, akainua ndoo ya rangi yenye mfuniko.

"Nimemletea Somo mwenzie."

Nikafungua mfuniko. Ndani mna samaki kangaja, bluu ya kung'aa, pezi la mgongoni njano. Mzuri, sitasema uongo.

Lakini pezini ana chunyu.

Mliokulia pwani mnajua chunyu, ile chumvi nyeupe inayobaki mwilini ukitoka kuoga baharini ukakauka na jua. Sasa niambieni, kiumbe aliye ndani ya maji anapataje chunyu? Vilikuwa vidoa vitatu hivi, vyeupe, vidogo. Niliviona. Nasema tena ili asije mtu kunitetea kwenye comments: niliviona.

Bafu la kijani lilikuwa hatua kumi kutoka tulipo, lina maji tayari.

Neno likanifika kooni. Nikajiuliza, unamwambiaje mjomba wako kwamba zawadi yake ikalale uani kama mwizi anayechunguzwa? Amevuka maji na ndoo mapajani, anaishika isimwagike, halafu mimi niliyemwona baharini tangu mtoto nimwambie samaki wake mgonjwa? Kwetu mgeni hakai uani. Hata mbuzi wa mgeni hupewa majani kwanza ndipo mwenyewe aulizwe habari za safari.

Nikaweza kusema, "Mjomba, labda tu..."

Akacheka, akapita zake sebuleni. "Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Akamimina. Samaki na maji yake ya ndoo, vyote. Mama akapiga makofi.

Na mimi shujaa wenu nikafanya nini? Nikaenda kubandika chai.

Siku ya sita Somo akaanza kujisugua kwenye mawe. Kesho yake ana chunyu mwili mzima, pumzi za juu juu. Siku iliyofuata wote wanayo, mpaka watoto wa jirani.

Niliingia humu humu jukwaani kuomba msaada, wenye kumbukumbu mtakumbuka. Kuna mtu, simtaji, akaandika kwa kujiamini kabisa: "Weka mrututu kwenye aquarium, kesho wamepona."

Mrututu! Wewe mtu, Mungu anakuona. Mrututu ni copper, na copper ni kweli inaua hawa wadudu, lakini kwenye chombo cha pembeni, kwa dawa yenye kipimo, na kifaa cha kupimia kila siku. Ukiukoroga kwa kijiko kwenye kioo chenye anemone na mawe yenye uhai, unaua vyote, na samaki unawaunguza. Umeandika ukiwa umekaa wapi? Ulishafuga hata mbu?

Nikampigia mjomba kumweleza kuwa samaki wanaumwa. Akasikiliza, kisha akasema hilo ni jicho, kuna mtu kaja akasifia sana, nifukize ubani.

Jicho! Nilikata simu nisije nikamtukana mzee. Tangu siku hiyo simu zake sikupokea.

Dawa ya kutoka Dar ingechelewa, kwa hiyo nikatumia njia ya mabafu mawili. Unawatoa samaki wote kwenye kioo, unawaweka bafu la kwanza. Siku tatu zikitimia unawahamishia bafu la pili lenye maji mapya, kabla wadudu waliodondoka hawajapasua ganda. Bafu walilotoka unalisugua na kulianika juani mpaka likauke kabisa. Unarudia hivyo mara tano. Maji safi ya bahari huwa ninayo ya akiba kwenye simtank iliyofunikwa, hapo tu ndipo nilipokuwa na akili.

Njia ni nzuri, lakini mimi nilichelewa kuanza.

Kangaja alikufa siku ya kwanza. Watoto wa jirani wakafa wawili. Somo alipigana mpaka uhamisho wa tatu. Asubuhi hiyo nilimkuta ubavu juu, na Bwana Mdogo yuko chini yake anamsukuma na pua.

Nikaingia ndani. Mama yuko mbele ya kioo kitupu na bakuli lake la uji, anasubiri taarifa.

"Somo amekula?"

"Hajala, mama."

Akaniangalia usoni. Akalisukuma bakuli.

Wakuu, hapo ndipo niliposikia hasira ambayo sijawahi kuisikia maishani. Sikulia. Nilitoka nje nikalipiga teke lile bafu la pili lililokuwa limeanikwa, likapasuka, nikalazimika kwenda kununua lingine siku hiyo hiyo kwa ajili ya uhamisho. Ujinga juu ya ujinga.

Kioo chenyewe kilitakiwa kikae bila samaki miezi miwili na nusu, ili wadudu waliobaki chini wakikosa wa kumla wafe. Miezi yote hiyo mama alikaa mbele ya maji na anemone peke yake. Akarudi kwenye kuitika kwa kichwa. Sukari ikaanza kupanda na kushuka. Bwana Mdogo na wadogo wawili walikuwa wamepona uani kwenye lile bafu jipya, lakini mama hakutaka hata kwenda kuwaona.

Na mimi kila kijiwe nilichokaa nilimsema mjomba. Nilimsema karakanani, nilimsema msikitini tukivaa viatu. Mzee mjuaji, mzee haulizi, mzee kaniulia samaki. Nilikuwa napata nafuu nikisema hivyo.

Wiki iliyopita akaja bila taarifa. Nasikia hodi, natoka, namwona na ndoo ile ile ya rangi, anaelekea sebuleni moja kwa moja.

Nilisimama mlangoni nikapanua mikono. Shikamoo sikumpa. Nikapaza sauti mpaka majirani wakatoka.

"Haingii! Huyo samaki haingii humu! Uliyemleta alikuwa mgonjwa, ndiye aliyemuua Somo! Samaki mgeni anakaa uani kwanza, wiki sita, kwenye bafu!"

Mjomba akaitua ndoo chini polepole. 

"Habari hiyo uliijua tangu siku ile?"

"Niliijua."

"Na ugonjwa uliuona?"

"Niliuona."

"Mbona hukuniambia?"

Wakuu, niliishusha mikono kutoka mlangoni. Mzee wa watu ananiangalia, anasubiri jibu kweli. Hakuwa ananisuta, alitaka kujua.

"Mimi wa dema," akasema, "samaki akitoka majini mimi najua sufuria tu. Ya vioo ni yako wewe. Ungesema neno moja ningemweka hata chooni."

Mama akaita kutoka ndani. Sauti yake ya zamani, ile ya mwambani.

"Kaka, muache mtoto. Hata mimi nilimwona ana chunyu. Nikapiga makofi."

Niliinama nikafungua mfuniko. Kwenye ndoo mlikuwa na clownfish jike, mkubwa. Kumbe mzee alisikia kwa watu kuwa Somo amekufa, akamtafuta huyu bamvua nne mfululizo, karibu miezi miwili, na mgongo wake ule, na mimi simu zake sipokei.

Aliichukua ndoo mwenyewe akaenda uani, akaniuliza bafu lipi, amwage na maji au bila maji, wiki sita zinaanza kuhesabiwa lini. Maswali yote ambayo angeuliza siku ile kama ningempa nafasi.

Kwa hiyo hasira ninayo bado, ila imebadilisha anuani. Wahenga walisema heshima si utumwa, na mimi niliufanya utumwa nikauita adabu. Mjomba alikosa kwa kutojua. Mimi nilijua, na nilibandika chai.

Kwenye kioo nimeandika kwa marker: KILA MGENI BAFUNI KWANZA, HATA WA MJOMBA. Nilimsomea mwenyewe kabla hajaondoka. Akacheka, akasema niongeze herufi ziwe kubwa.

Leo asubuhi mama ameniambia nimsukume mpaka uani. Amekaa mbele ya bafu la kijani na bakuli lake. Nikamwaga chakula, mgeni akakizunguka, akakataa, akarudi, akadaka. Mama akachukua kijiko.

Nimemaliza. Haya, uwanja wenu: neno gani ulishindwa kumwambia mkubwa wako, na likakugharimu nini? Andikeni, nitasoma yote. Mnitukane pia, nimestahili.

Ila atakayeandika mrututu, anakula block.