Beringi Zilizooshwa kwa Mafuta ya Taa

Juzi nilipeleka pikipiki yangu pale Kibiti kubadilisha beringi za gurudumu la mbele. Fundi, kijana mwenye adabu zake, akaniambia, "Mama, nenda kanywe chai, nitakupigia." Nikavuta kigoda, nikakaa, macho kwenye mikono yake. Nicheke tu ukitaka. Tabia hii nilifundishwa nyumbani.

Miaka ile biashara ya bidhaa za nje ilipofunguliwa, maduka ya Ikwiriri yalijaa vitu tulivyokuwa tukivisikia tu: redio, vitenge, sabuni za manukato. Uongo nao ulijaa vilevile. Ilisemwa kwamba beringi kuukuu zinang'arishwa, zinatiwa kwenye boksi jipya, unauziwa. Bibi alikuwa akionja hata chumvi kabla ya kuondoka dukani. Basi Baba aliponunua beringi mbili za pikipiki yake chakavu, ambayo gurudumu lake lilinguruma mpaka kuku wakakimbia, alizitumbukiza kwenye bakuli la mafuta ya taa, akazisugua mpaka grisi yote ikatoka, akazikagua juani. Aliporidhika akazitia alama kwa ncha ya tupa, fundi asije akazibadilisha. Bakuli lenyewe lilikuwa la uji, na wiki nzima tulikunywa uji unaonuka mafuta ya taa.

Fundi alikuwa jirani yetu. Mkewe ndiye aliyenipa vitumbua vya moto kila asubuhi nikienda shule. Hayo hayakumsaidia kitu. Baba alikwenda kuswali Ijumaa, akaniachia ulinzi: "Usibanduke hapo. Na asiongeze kitu chake chochote."

Fundi alizishika beringi, akazinusa.

"Mwanangu, hizi hazina grisi hata chembe. Nizipake yangu."

"Baba amekataa."

"Basi kamwite."

Nibanduke? Niliona huo ndio mtego wenyewe. Nikatikisa kichwa. Akashusha pumzi, akazigongea ndani taratibu kwa kipande cha mbao, akafunga gurudumu. "Mwambie baba yako asiende mbali mpaka atie grisi. Usisahau, mama."

Sikusahau. Sikusema tu. Nilidhani ni ujanja wa kuturudisha kwake. Nilikuwa na miaka kumi, na nilijiona mjanja kuliko Ikwiriri nzima.

Siku chache baadaye Baba alikuwa akitoka Mbwara na gunia la ufuta, gurudumu likakwama, akaanguka na kuvunjika mkono. Alirudi na bandeji, pikipiki imebebwa kwenye mkokoteni, akasimama mlangoni kwa fundi akimwita mwizi, majirani wote wakisikia. Fundi alichukua spana, akafungua gurudumu mbele ya watu, akaitoa beringi imeungua, nyeusi, akaifuta kwa kitambaa. Alama ya Baba ilikuwapo.

"Nilikutumia ujumbe," akasema, akanitazama.

Baba akanigeukia. "Alikwambia kitu?"

"Hapana," nikasema.

Fundi aliokota spana zake, akaingia ndani. Asubuhi yake mkewe alinipa vitumbua kama kawaida. Nilivitupa njiani. Wateja walipungua, na kabla ya masika fundi na mkewe walihama. Baba alifariki akiamini kwamba jirani yule alikuwa mwongo. Kibanda chao sasa ni duka la simu, na hakuna aliyebaki wa kumwomba radhi.

Yule fundi kijana wa juzi aliniinulia kopo lake. "Nitie grisi, mama, au umekuja na yako?"

"Tia," nikamwambia. "Tia hiyo yako."