Mizunguko Mitatu na Mama wa Bibi Arusi

Mwaka 2012 nilikuwa nikifundisha chuoni mjini Lodwar. Kabla ya hapo nilikuwa nimepiga besi kubwa ya kusimama, ala ya nyuzi inayomzidi mtu kimo, kwa miaka mingi: katika okestra ya kanisa, katika bendi ya dansi, na hatimaye katika kikundi cha jazi cha watu watatu kwenye hoteli moja ya Nairobi, ambako hakuna aliyetusikiliza ila sisi wenyewe. Joto la Lodwar lilifungua maungio ya mbao za besi, kwa hiyo niliizungushia vitambaa vilivyoloweshwa. Kila Jumamosi niliipakia kwenye pikapu hadi kambi ya wakimbizi ya Kakuma, ambako wapiga gitaa wawili wa Kikongo na mpiga dramu kutoka Sudan Kusini walinipokea. Zaidi ya hao sikuwa na mtu wa kupiga naye. Kama ningewapoteza, besi ingebaki pambo la nyumba.

“Ejok, mwalimu,” muuza mbuzi wa kituo cha pikapu alizoea kunisalimu kwa Kiturkana, kisha akaitania besi yangu na vitambaa vyake vibichi. “Ngamia yako bado inakunywa maji tu, haitoi maziwa?”

Wenzangu hawakusoma nota. Wimbo wao haukuwa na urefu maalumu. Uliisha pale kiongozi, aliyepiga solo, alipoinua shingo ya gitaa. Hili lilinikera kuliko joto. Nilitunga kipande cha jazi, nikakiandika kirudiwe mizunguko mitatu kamili. Katika mazoezi kila mara walipitiliza, na kila mara niliwasimamisha.

“Papa, tunakimbilia wapi?” aliniuliza mpiga gitaa wa pili; ndivyo Wakongo walivyomwita mtu mzima.

“Hatukimbii. Tunakwenda mwisho.”

“Mwisho wako unaogopa watu.”

Mapema mwaka 2013 walikubali tukipige kwenye arusi ya Wakongo wenzao, alasiri. Desturi yao niliijua: mama wa bibi arusi huingia akicheza toka mlangoni hadi walipoketi maarusi, polepole, kwa hatua za kujivunia, akipunga leso ya mkononi, naye hupigiwa mpaka afike. Tulianza vizuri. Kwa mara ya kwanza magitaa yaliiachia besi nafasi, nami nikafurahi kiasi cha kuinamia karatasi nisitazame ukumbi. Mzunguko wa tatu ulipotimia, nilizima nyuzi kwa kiganja. Mpiga dramu, ambaye nilikuwa nimemzoeza kunifuata mimi, alinyamaza papo hapo. Magitaa yakayumba, yakakoma.

Mama alikuwa katikati ya ukumbi, mguu mmoja mbele, leso ingali juu.

“Papa,” kiongozi alininong'oneza kwa Kiswahili chake cha Kongo, “mama hayafika.”

“Kipande kimekwisha,” nilimjibu, na nilikuwa sahihi, jambo ambalo hadi leo linaniudhi.

Kiongozi alianza wimbo mwingine peke yake, lakini mama alikwisha kushusha leso. Sehemu iliyobaki aliimaliza kwa kutembea tu.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta mpiga gitaa wa pili ameshika gitaa la besi la umeme. Hakuna aliyenifukuza. Niliketi nikawasikiliza hadi walipomaliza, nikairudisha besi yangu Lodwar, na sikupiga nao tena.