Dume wa Masikio ya Kulala

Siku ya kwanza kazini nilivaa buibui jipya na viatu vya kisigino, maana nilikuwa nshamwambia baba yangu kuwa nimepata kazi ya hoteli, naye akaelewa kuwa ni kazi ya kukaa mezani. Ilikuwa nyumba ndogo ya wageni hapo Mji Mkongwe. Msimamizi, mwanamme wa maneno machache, hakunipeleka mapokezi. Alinipandisha ngazi mpaka juu paani, akanionesha mabanda ya waya, akanitia brashi mkononi. Akasema, "Hawa utawachana kila asubuhi. Ukimaliza, uwafagilie."

Sungura. Mie, binti wa mwalimu wa chuo cha Kurani, nimeondoka kijijini kwetu huko mbele ya Jozani kuja mjini kuchana sungura! Niliona haya hata nikashindwa kuuliza mshahara.

Nyinyi vijana mnaofuga sungura siku hizi mnawafuga kwa nyama. Wale wetu walikuwa wa kuchezewa na watoto wa wageni. Ni wadogo, wanene, kichwa duara, shingo kama hawana, na masikio yao hayasimami. Yanaanguka pembeni mwa mashavu, mapana, ncha zake duara. Pale utosini masikio yanapoanzia pana ukingo wa nyama na manyoya tuliouita taji. Taji likiwa dhaifu, masikio hayaanguki sawasawa, na sungura huyo hatumpandishi, yaani hatumtafutii jike.

Asili yao nilihadithiwa na Mwenye Hoteli, bibi wa hapa hapa Unguja aliyekaa miaka Uholanzi na kuja nao wa kwanza. Mfugaji mmoja wa huko alitaka sungura mdogo mwenye masikio ya kulala. Akachukua sungura mkubwa wa Kifaransa, mwenye masikio ya kulala, akamchanganya na sungura kibeti wa masikio ya kusimama. Watoto wakatoka na masikio yamesimama, kazi bure. Ikabidi arudi kuchanganya na wa Kiingereza, ambaye masikio yake huburura chini. Miaka ikapita kabla hajapata alichokitaka. Hata leo mtoto wao hazaliwi na masikio yaliyoanguka. Huanza kuyasimamisha, kisha yanakwenda pembeni kama usukani wa baiskeli, halafu ndiyo yanashuka.

Adui yao mkubwa ni joto. Sungura hatoki jasho, hujipoza kwa masikio, na hawa wetu masikio yao yamelala, hayapati upepo. Mchana nilikuwa nawapangusa masikio kwa kitambaa cha maji. Baadaye tukahamishiwa hoteli ya pili ya bibi yule, Bububu, penye bustani ya kivuli na upepo, na mie nikapandishwa kuwa mkuu wa mabanda. Kazi nikaijua, nikaipenda. Lakini kila nikenda kwetu, baba akiniuliza habari za kazi, nilimjibu niko mapokezi. Naye akiwasimulia wanafunzi wake.

Masika moja hoteli hiyo ilifungwa ipakwe rangi, na harufu ya rangi si nzuri kwa sungura. Mwenye Hoteli alikuwa safarini. Akatupigia simu: majike wote waende kwa Msimamizi, dume nende naye mie. Dume alikuwa mmoja tu, taji lake zuri, na watoto wetu wote wametokana naye. "Huyo ndiye mbegu yetu," akaniambia. "Usimuache na mtu."

Nikenda naye kwetu ndani ya tenga. Ilikuwa siku ya hitima, kisomo cha kumuombea marehemu mama; uani kumejaa wanawake, barazani wanafunzi wa baba. Nikaliweka tenga kivulini karibu na jiko, nikatoka mara moja kwa jirani kuazima sufuria. Nilitaka kumweleza baba faraghani, watu wakishaondoka. Kwetu lakini, mtoto akija hitimani na mnyama kwenye tenga haulizwi wa nini; ni wa kuchinjwa.

Niliporudi, baba alikuwa anasuuza kisu. Uso wake una furaha.

"Nimekuwahia," akasema. "Nimekuta masikio yashalala, anahema. Ungekawia kidogo ungekuta mzoga."

Ng'ombe akilaza masikio, mbuzi akilaza masikio, ni mgonjwa. Baba alichinja kwa bismillahi ili mali ya mwanawe isipotee.

Hapo ndipo ningesema. Lakini ningesema si wangu, ningeulizwa wa nani, wa kazi gani, na wewe kazi yako nini, mbele ya wanawake wale na wanafunzi wale. Nikatoa sufuria niliyoazima. Nyama ikapikwa, baba akamuombea dua mwajiri wangu, akala, akawalisha wageni. Na mie nikala.

Siku aliyorejea Mwenye Hoteli nilikuwa bado natafuta maneno, baba akatokea Bububu na jogoo na kikapu cha ndimu.

"Shikamoo, mzee," Mwenye Hoteli akamuamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kushukuru kwa yule mnyama. Tulimchinja hitimani, kila mtu akapata."

Bibi wa watu akanigeukia. Nikatazama chini. Baba si mjinga, akaelewa.

"Kumbe hakuwa wako?"

"Hakuwa wangu, baba."

"Na ulijua wakati mie nnakula?"

"Nilijua."

Umri wake wote amefundisha watoto kuwa mali ya mtu hailiwi bila idhini yake. Akamweka jogoo chini, akamgeukia mwanamke wa umri wa kumzaa. "Nihalalishie, mwanangu. Mie na wale wote niliowalisha." Yarabi, natamani ardhi ingenimeza. Mwenye Hoteli machozi yakamtoka, akasema, "Nimekuhalalishia, mzee, wewe na wao." Akapokea jogoo ili asimzidishie fedheha.

Kisha baba akamuuliza kazi yangu ni nini pale. Akaambiwa mie ndiye mlezi wa sungura wote. Nikangoja kicheko. Baba akatikisa kichwa taratibu.

"Kazi nzuri," akasema. "Tatizo lake nini?"

Sikufukuzwa. Dume mwingine akapatikana, nikafanya kazi mpaka magoti yakakataa, na mwaka jana nikastaafu. Vijana wananijia kuuliza habari za sungura, nami nawafundisha kutazama taji na kupangusa masikio. Hilo silionei haya tena.

Haya yangu iko kwa baba. Tangu siku ile hajala kitu kilichotoka mkononi mwangu bila kuniuliza ni cha nani. Haulizi kwa hasira. Sasa ni mzee sana, macho yamekwisha, majina ya wajukuu anayachanganya. Idi iliyopita nilimpelekea pilau niliyoipika mwenyewe. Akaipakata sahani, akaelekeza uso kwenye sauti yangu, akangoja.

"Changu, baba," nikamwambia.

Ndipo akatia mkono.